Insha ya Kumrudisha Mke Wangu

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia watu wafanye biashara, kila mwenye akili zake pale Kilosa alikuwa akiuza kitu. Walimu wenzangu waliuza mitumba, maandazi, mafuta ya taa. Mmoja aliuza vifaranga, na vilikuwa vikilia ofisini wakati sisi wengine tunaandaa masomo. Mimi sikuuza kitu. Nilifundisha fasihi na uandishi wa insha kidato cha tano na cha sita, na kwa hilo nilijiona bora kuliko wote. Mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliacha chaki akaenda Mikumi kufungua mgahawa kando ya barabara kuu, pale malori ya Iringa yanapolala. Aliniambia twende wote. Nikamjibu kwamba sikusomea kupika wali. Akafunga sanduku lake bila kugombana na mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mtoto hatukujaliwa, kwa hiyo alipoondoka nyumba ilibaki na mimi na redio. Wahenga walisema upweke ni uvundo. Methali hiyo nimeifafanua ubaoni miaka nenda miaka rudi, lakini sikuielewa mpaka nilipoanza kula ugali nimesimama jikoni, kwenye sufuria ileile niliyosongea. Kulikuwa na jioni nilizobaki darasani baada ya vipindi nikifuta ubao uliokwisha kufutwa, ili tu nichelewe kurudi.

Wanafunzi wangu walikuwa na ugonjwa mmoja. Kila insha waliianza kwa kueleza maana ya neno, hata kama hakuna aliyeuliza. Wape insha ya njaa, watakuanzia kwamba njaa ni hali ya kukosa chakula. Niliwagombeza mpaka nikachoka. Basi likizo fupi ilipokaribia nikawapa kazi ya namna nyingine: kila mmoja achague mtu mmoja anayemfahamu, amwandikie insha ya kumshawishi juu ya jambo analolitaka kwa dhati, kisha aende akamsomee uso kwa uso. Alama sitatoa mimi. Yule mtu akishawishika, umefaulu. Asiposhawishika, umefeli, na usije kwangu kukata rufaa.

Darasa likanung'unika. Kisha kiranja wao, binti mrefu wa Msowero, akasimama.

"Mwalimu, na wewe utaandika?"

"Mimi ndiye mwalimu."

"Ndiyo, mwalimu. Naulizia tu, ungeandika, ungemsomea nani?"

Aliuliza kwa heshima zote na hakuna aliyecheka. Nilitafuta jina la rafiki, la jirani, la mtu yeyote. Hakunijia mtu ila mmoja, naye alikuwa Mikumi. Nikasema nitaandika.

Niliandika kwa bidii ambayo sikuwa nayo tangu chuoni. Nilipanga hoja, nikazipangua, nikanakili upya kwa mwandiko wa ubaoni. Nilitaka arudi. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo kwa mdomo, hata siku aliyofunga sanduku, na sasa niliona kwamba hoja zikikaa sawa hataweza kukataa. Likizo ilipofika nikapanda lori la mahindi. Kilangali tulishusha vibarua wa shamba la mbegu, na mzee mmoja miongoni mwao, alivyoona nimekumbatia karatasi, aliniuliza kama naenda mahakamani. Nikamwambia naenda kwa mke wangu. Akasema, "Mungu akutangulie, mwanangu," kana kwamba mahakamani na kwa mke ni safari ileile.

Mgahawa ulikuwa umejaa madereva na utingo wao. Mke wangu alikuwa amesimama katikati ya masufuria, amejifunga kanga kiunoni, akitoa amri kwa wasichana wawili. Alikuwa amenenepa kidogo, na unene ulimpendeza.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umekula?"

Nikamwambia nimekuja kumsomea kitu. Akacheka, akaona sicheki, akaacha. Hakuweza kuuacha moto, kwa hiyo nilimsomea palepale, nimesimama kati ya gunia la mkaa na ndoo ya maji. Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba ndoa ni makubaliano ya hiari kati ya mume na mke. Nilijisikia mwenyewe, na aibu ikanipanda hadi masikioni, lakini nikaendelea. Nikasoma kwamba nyumba imepoa. Kwamba nimekonda. Kwamba walimu wenzangu wananisema. Kwamba sina wa kuzungumza naye, na vitabu havijibu.

"Mwalimu, ongeza sauti," dereva mmoja akasema kutoka benchi la nyuma. "Huku hatusikii."

"Kula wewe," mke wangu akamwambia.

Nilipomaliza aliendelea kukoroga maharage. Macho yake yalikuwa na maji, labda kwa moshi, labda si kwa moshi.

"Umeandika vizuri," akasema. "Nimekuonea huruma, kweli. Lakini katika hoja zote hizo aliyekonda ni wewe, anayesemwa ni wewe, asiye na wa kuzungumza naye ni wewe. Mimi nimo wapi humo?"

Akanipakulia wali na maharage, akaniketisha na madereva. Nililala kwake, tukaulizana habari za ndugu kama wageni wenye adabu, na alfajiri alikuwa ameshawasha moto.

Shule ilipofunguliwa kila mmoja alieleza yaliyompata. Wengi walifeli. Kiranja alifaulu: alimsomea bibi yake, akimgeuzia kila sentensi kwa Kikaguru, na bibi akakubali kwenda kutazamwa macho hospitalini. Halafu wote wakanigeukia. Ningeweza kudanganya, na nilikaribia kudanganya. Nikawaambia nimefeli, na nikawaambia alichosema.

Kisha kiranja akasema taratibu, "Mwalimu, si ungeandika na upande wake?"

Jumamosi mchana niliketi mezani. Nilidhani nitapata ugumu kutetea kwamba abaki Mikumi, kwa kuwa mtu hutetea kwa shida jambo asilolitaka. Haikuwa hivyo. Hoja zilikuja zenyewe. Kwamba huku Kilosa alikuwa akinisubiri nimalize kusahihisha madaftari, na yakiisha nalala. Kwamba kwa miaka yote hiyo niliwauliza wanafunzi maoni yao juu ya kila mhusika wa kubuni, na yeye sikumuuliza yake hata mara moja. Kwamba Mikumi watu wanamwita kwa sauti asubuhi hadi jioni, na anaitika. Sikuanza kwa kueleza maana ya neno lolote.

Nilipomaliza nikasimama, nikaisoma kwa sauti mle chumbani tangu mwanzo hadi mwisho, redio nimeizima. Hapakuwa na mtu wa kusikiliza ila mimi. Nikashawishika.