Sekunde Saba Zisizosomeka

Siku yangu ya kwanza studio, Fundi Mkuu alinikataza kugusa chochote. Alinikalisha mbele ya kompyuta, akaniambia nitazame harusi ya watu nisiowajua, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nimweleze video ile inaumwa wapi. Nilitazama kutwa nzima. Jioni nikamwambia sijaona ugonjwa wowote. Akasema, "Basi kesho utatazama tena."

Hiyo ilikuwa Manyoni. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika, nikapunguzwa kazi pamoja na wenzangu wengi. Soko huria lilikuwa limeshaingia. Maduka ya watu binafsi yalijaa deki na kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, na kila mwenye harusi au kipaimara alitaka DVD yenye picha yake kwenye kasha. Nilikuwa mama wa watoto watatu, naanza kazi upya kama mwanafunzi.

Fundi Mkuu alinifundisha kwamba DVD si kapu la kutupia kila faili. Deki ya nyumbani inataka chakula cha aina moja: picha zilizobanwa kwa mtindo wake, ishirini na tano kila sekunde kwa televisheni zetu, na sauti iliyopimwa sawasawa. Faili ya namna nyingine lazima ibadilishwe kwanza, na maradhi hujitokeza hapo. Picha hutetemeka, watu hunenepa ghafla, midomo huachana na sauti. "Usitibu kabla hujajua kinachouma," alikuwa akisema. "Ukibahatisha, utaongeza ugonjwa wa pili."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa tawi la Singida mjini. Meneja wa pale alikuwa mtu mwema, lakini mwenye haraka. Kwake kazi nzuri ni ile iliyokwisha kuchukuliwa na mteja. Nami taratibu nikaizoea haraka yake. Nikawa natazama dakika chache za mwanzo, dakika chache za mwisho, halafu nachoma diski.

Ndipo akaja Mama Anjelina wa Mandewa, mjane. Alileta CD yenye faili moja, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya ndoa. Kanda ya awali iliyopigwa siku ile ilikuwa imeshafutwa kwa kurekodiwa kitu kingine juu yake, na faili ile ndogo ndiyo iliyobaki, imebanwa na mpwa wake huko Arusha. Humo marehemu mume wake, mzee Yohana, alikuwa akitoa nasaha kwa Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba wa Iguguno. Nadaka neno hapa na pale, mengine yananipita.

CD ilikuwa imekwaruzwa. Katikati ya nasaha, sekunde saba hazikusomeka kabisa. Nikafanya tulivyozoea sote: nikaziba tundu kwa picha ya maua na muziki mtamu. Nikatazama mwanzo, midomo na sauti vikaenda pamoja. Nikampa mama diski yake.

Wiki iliyofuata alirudi. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alinieleza asichonieleza mara ya kwanza. Shemeji yake, mzee Elia, alikuwa akisema nyumba ya Mandewa ni ya ukoo na mjane aondoke. Lakini mzee Yohana siku ile, mbele ya wageni wote, alitamka kwamba nyumba ni ya mke wake. Wazee wa ukoo walipoitazama DVD, sauti ilikuwa imeachana na mdomo. Mzee Yohana amefunga kinywa, maneno bado yanatoka. Na karibu na hapo, maua. Mzee Elia akasema maneno yamebandikwa.

"Mwanangu," Mama Anjelina aliniambia, "wamenifanya mwongo kwa sauti ya mume wangu."

Meneja alishauri tumrudishie CD yake na kumwomba radhi, tusiingie ugomvi wa watu. Nilimjibu kwamba tulishaingia, na mimi ndiye niliyetuingiza. Akaniachia kompyuta siku mbili.

Safari hii nilianza kwa kutazama faili yote. Mwanzoni sauti ilikuwa sawa, kisha ilichelewa kidogo kidogo. Hiyo ilikuwa dalili niliyofundishwa Manyoni. Sauti ilibanwa kwa kipimo kinachopanda na kushuka, na programu ya DVD iliihesabu kana kwamba kipimo ni kimoja. Dawa yake ni kuitoa sauti ndani ya faili, kuikunjua yote hadi urefu wake halisi, ndipo uirudishe kwenye picha.

Lakini mimi sikuijua lugha, ningejuaje kwamba kila neno limerudi kwenye mdomo wake? Nilimwomba Mama Anjelina akae nami. Alikaa siku zote mbili, mikono mapajani, akimtazama mume wake. Palipokosea alitikisa kichwa. Palipokaa sawa machozi yalimtoka tu.

Zile sekunde saba niliziacha kiza na kimya, kwa urefu wake uleule, kwa sababu ukiliruka tundu, kila kinachofuata kinahama.

Wazee wa ukoo walikutana nyumbani kwake baada ya ibada ya Jumapili, nami nikaitwa. Nilisalimia, nikaweka diski. Zile sekunde za kiza zilipofika, mzee Elia aliomba isimamishwe.

"Hapa mmeficha nini?"

"Sijaficha, baba," nilisema. "Mara ya kwanza ndipo nilipoficha, kwa maua. CD ilikwaruzwa, sekunde saba hazisomeki. Alichosema hapo sikijui, na hakuna atakayekijua."

Akataka irudiwe. Akasogeza kiti karibu na televisheni. Mzee Yohana alisema maneno yake juu ya nyumba, akakohoa, akaendelea. Mzee Elia akawageukia wenzake, akawaambia, "Ni Yohana. Hata kikohozi ni chake."

Mama Anjelina alibaki katika nyumba ile. Sitasema walipatana, sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja. Lakini mwezi uliofuata mzee Elia alikuja studio peke yake kuomba nakala. Alisema nyumbani kwake hana hata picha moja ya ndugu yake.

Niliacha kazi macho yalipochoka, na deki nazo zilikuwa zimeanza kuadimika. Sasa nalima alizeti Iguguno. Vijana wenye simu huniuliza juu ya faili zao zilizoharibika, nami nawaambia: tazama yote, na usipojua, onyesha kwamba hujui. Hayo nimewapa kwa moyo mweupe.

Lipo jingine ambalo siwaambii. Marehemu mama yangu alikuwa akija studio kunisalimu, anakaa kwenye benchi na kitenge chake cha kijani, ananisimulia habari za nyumbani kwa Kinyiramba huku mimi nimezikazia macho harusi za watu. Kamera ilikuwa mezani, imechajiwa, na sikuwahi kumrekodi hata sekunde moja. Nilikuwa namwambia, "Subiri kidogo, mama, nimalize hii ya mteja." Naye alikuwa anasubiri.