Jina Lililomnyamazisha Binti Yangu

Binti yangu alilia siku tatu mfululizo, na mimi si mtu wa subira. Tulikuwa kwa mama, karibu na Rodi Kopany, Homa Bay. Daktari alikuwa amempima akasema hana ugonjwa wowote. Mama hakushangaa. Kwetu Wajaluo, mtoto mchanga akilia hivyo anadai jina: kuna marehemu anayetaka kukumbukwa, na akitajwa yeye, mtoto hunyamaza.

Basi mama akampakata, akaanza kuwaita wafu wetu mmoja mmoja. Nyanya wa Mfangano. Shangazi aliyeolewa Migori, mkali kama pilipili. Mtoto akazidi kulia.

"Amekataa watu yetu yote," mama akasema.

"Basi mwite Haruka!" nikafoka kwa uchovu.

Mtoto akanyamaza.

Haruka alikuwa mwalimu wangu wa hisabati, Mjapani wa kujitolea, aliyeishi kwetu miaka miwili. Mama alimfundisha kusonga ugali, wakapendana kama mtu na dada yake. Siku moja nilimwuliza maana ya jina lake. Akasema kwao linaandikwa kwa namna nyingi, kila moja na maana yake, ila lake ni "mbali". Tulicheka sana. Sisi huitwa kwa tulivyozaliwa: asubuhi, wakati wa mvua, au njiani. Wazazi wake walijuaje kwamba atafika Homa Bay?

Majirani waliokuja kumwona mtoto wakapiga vigelegele. Mama peke yake alikuwa analia.

"Nyara, binti yangu, jina ya mtu hai hainyamazishi mtoto. Rafiki yangu amekufa."

Nilimwambia aache mambo hayo, mtoto amechoka tu. Lakini nikatafuta nambari ya mwalimu kwenye simu. Hatukuwa tumeandikiana miaka mingi, nami niliona aibu. Nikaandika: "Mwalimu, uko?" Siku mbili, kimya. Mama hakutia kitu kinywani. Mtoto alilala vizuri, na usingizi wake ukanitisha kuliko kilio.

Siku ya tatu akajibu. Ni mzima, ana watoto wawili, anamsalimu mama. Nilipomweleza habari ya jina alifurahi, akaongeza kwamba kwa wasichana wa rika lake ni jina la kawaida mno: darasani mwao walikuwa Haruka watatu.

Nilimsomea mama kwa sauti, nikijua nimeshinda. Akafuta machozi, akamshukuru Mungu, akaomba ugali. Alipomaliza kunawa akanitazama.

"Walikuwa watatu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi muulize hao wengine wawili wako wapi."

Mtoto sasa ana miaka minne, na ukimwita Haruka anakuja mbio. Na mwalimu tunaandikiana kila mwezi, habari za watoto, habari za mvua. Lile swali la mama sijamwuliza. Naogopa atanijibu.