Siku Baba Mkwe Alipokataa Kuitwa Mzee

Baba mkwe wangu alikamatwa mnadani Dutwa, msimu ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuja na mizani zao, kila mmoja ametandika turubai lake kando ya barabara na anatuita kwa maneno matamu. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Mume wangu alikuwa machimboni akitafuta dhahabu, na nyumbani tulibaki watatu: mimi, mtoto wangu wa kwanza ambaye alikuwa bado ananyonya, na baba mkwe, ambaye alikuwa mgane tangu kabla sijaolewa pale.

Habari niliipata kwa jirani yetu aliyekuwa mnadani siku hiyo. Mgambo wa wilaya walizunguka mnada wakisaka watu wasiolipa kodi ya maendeleo. Vijana wakaruka ua, wengine wakaingia kwenye mashamba ya mtama. Baba mkwe hakukimbia. Alisimama pale pale na fimbo yake.

"Walimwomba stakabadhi," jirani akanisimulia. "Akasema hana. Mgambo mmoja akamwonea huruma, akamuuliza, 'Mzee, wewe si umesamehewa?' Baba mkwe wako akamjibu, 'Nisamehewe nini? Nimemkosea nani?' Basi wakamchukua."

Nilicheka, halafu nikaanza kulia. Ukweli niliokuja kuujua baadaye ni kwamba mtendaji wa kijiji chetu alikwisha kuacha kumdai kodi kwa sababu ya umri, lakini kwa heshima hakumwambia. Alipita tu mlangoni akisalimia na kwenda zake. Baba mkwe akadhani mwanawe analipa huko huko machimboni.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua uji kwenye kibuyu na michembe kidogo, viazi vitamu vilivyokaushwa, nikatembea hadi mahakama ya mwanzo. Nje ya mahakama palikuwa kama gulio. Ndugu za washtakiwa walikuja na kuku, mbuzi, hata magunia ya mpunga, na wachuuzi walikuwa wamekwisha kufika, maana walijua mtu mwenye kesi habishani sana na bei. Mama mmoja aliuza mbuzi wake pale, akaingia ndani mbio, akatoka na mumewe wakiwa wameshikana mikono. Sijawahi kuona tena watu wazima wa kwetu wakishikana mikono hivyo hadharani.

Ndani, hakimu alikaa mezani na wazee wawili wa baraza, mmoja kila upande. Hakimu alikuwa mtu wa mbali, kijana bado, na Kisukuma hakukijua. Mzee wa baraza wa upande wa kulia ndiye aliyemtafsiria. Kesi zilikwenda haraka. Mtu anasomewa shitaka, anasema ni kweli, anapewa faini pamoja na kodi yenyewe. Mwenye nacho analipa kwa karani, asiye nacho anaomba muda mpaka auze pamba. Wengine walipewa muda huo. Mmoja aliyekwisha kupewa mara mbili akapelekwa gerezani, na dada yake akatoka nje.

Baba mkwe alipoitwa alijinyoosha. Alikuwa amelala mahabusu lakini shati lake alilifunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Shitaka ni kweli au si kweli?" hakimu akauliza.

"Ni kweli," akasema kwa Kisukuma. "Sijalipa. Nitauza ng'ombe mmoja wa jembe, nilipe."

Tulikuwa na ng'ombe wawili tu wa kulimia. Ukimuuza mmoja, yule anayebaki anakula majani tu. Msimu mwingine ukifika, nani angevuta jembe?

Yule mzee wa baraza akamtazama sana. "Namhala," akamwita, kwa neno letu la kumheshimu mtu mzima, "wewe ulizaliwa lini?"

"Sikumbuki."

"Wakati wa nzige ulikuwa umeshazaliwa?"

"Nzige walikuja mara nyingi," baba mkwe akajibu, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nalima. Nachunga. Mtu anayelima ni mzee?"

Hakimu akatabasamu, kisha akainua kichwa. "Kuna ndugu yake hapa?"

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hamtaji jina, hakai karibu naye, na neno la kumpelekea hupitia kwa mtu mwingine, hata kwa mtoto asiyejua kusema. Mimi tangu nijifungue nilizoea kumwambia mwanangu, "Mwambie babu chakula kiko tayari," na babu akimjibu mtoto huyo huyo, "Mwambie mama yako nimesikia." Sasa nilisimama mbele ya watu, macho yangu chini.

"Mimi ni mkamwana wake," nikasema.

"Huyu baba anajiweza?"

Nilijua nikisema anajiweza, ng'ombe anauzwa. Nikisema hajiwezi, ninamvua nguo mbele ya wilaya nzima.

"Analima," nikasema. "Lakini nira ninafunga mimi, kwa sababu vidole vyake havikunjiki. Anashika jembe mpaka mwisho wa mtaro, halafu anakaa. Mimi narudi nalo. Akipumzika tunaendelea. Jioni anawaambia watu amelima, na ni kweli, amelima."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nilisikia baba mkwe akivuta pumzi, kama mtu aliyekanyaga mwiba na hataki kupiga kelele. Nikatamani ardhi inimeze na mtoto wangu mgongoni.

Hapo ndipo mama mmoja akasimama kutoka kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amevaa kanga safi na ameshika kikapu kilichofunikwa ungo. Sikumjua. Baba mkwe alimjua, kwa maana alipomwona aligeuza uso haraka kuelekea dirishani.

"Mheshimiwa, naomba kusema," akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi natoka Ngulyati. Ni mjane. Nimemletea huyu baba chakula."

Minong'ono ikaanza. Hakimu akagonga meza. "Unamfahamu?"

"Namfahamu tangu hana ndevu. Alikuwa rika moja na kaka yangu, walichunga pamoja na kucheza ngoma pamoja. Mimi nawafuata kwa nyuma kidogo tu. Na mimi, mheshimiwa, mtendaji wangu ameshanisamehe kodi kwa uzee, sioni aibu. Sasa mdogo amesamehewa, mkubwa anadaiwaje?"

Kisha akamgeukia baba mkwe, akamsemesha kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeongea jikoni kwake. "Ulinificha miaka yako kwa ajili gani? Ulidhani mimi natafuta kijana?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Mzee wa baraza alipomtafsiria hakimu, hakimu naye akaficha mdomo kwa kiganja. Ndipo nikaelewa zile safari ambazo baba mkwe alikuwa akienda Ngulyati "kuangalia malisho" katika mwezi ambao majani yalikuwa yamejaa hapa hapa kwetu. Ndipo nikaelewa pia alichokuwa anakilinda kwa kukubali kumuuza ng'ombe wake.

Hakimu aliongea na wazee wake wawili kwa sauti ya chini. Kisha akaeleza, polepole, ili mfasiri amfuate. Alisema mshtakiwa alikubali kwamba hakulipa, lakini kutolipa si kosa kwa mtu ambaye sheria imemsamehe. Kwa hiyo jibu lake la "ni kweli" linafutwa, linaandikwa "si kweli". Wazee wa baraza wameulizwa, wote wawili wanasema huyu ni mtu wa kusamehewa. Basi anaachiwa huru, na mtendaji wake aandikiwe ampe karatasi ya msamaha ili asikamatwe tena.

"Baba, umeelewa?" hakimu akauliza.

"Nimeelewa," baba mkwe akasema. Kisha akaongeza, "Wabeja," akimaanisha asante, lakini alilisema kama mtu anayelipa faini.

Tulikula nje, chini ya ukuta wenye kivuli. Mama wa Ngulyati alifunua kikapu, akatoa ugali wa mtama na kuku. Alimpa baba mkwe paja, akanipa mimi la pili, kisha akamchukua mwanangu, akaanza kumtafunia nyama. Baba mkwe alikula akitazama barabara.

Tuliagana na mama huyo, kisha mimi na baba mkwe tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima. Tulipofika kwenye mto mkavu alisimama. Nikasimama pia. Nikamsubiri amsemeshe mtoto, lakini mtoto alikuwa amelala.

"Binti yangu," akasema, bila kugeuka. Hakuwahi kuniita hivyo. "Umesema kweli leo."

"Nisamehe, baba."

"Hapana. Mtaro ukiisha ni wewe unayerudi na jembe. Mimi nilidhani huoni kwamba nachoka." Akatazama ng'ambo ya mto. "Yule mama. Umemwonaje?"

Nilishindwa kujizuia, nikacheka. "Anapika vizuri, baba."

"Anasema sana," akasema.

"Ndiyo, anasema."

"Nyumba yetu imekaa kimya mno," akasema, kisha akaanza kuteremka mtoni akijishika kwenye mizizi ya ukingo. Nilikwenda kando yake nikampa bega langu, naye akalishika.

Baada ya kuuza pamba alikwenda Ngulyati mchana kweupe, na mjomba wa mume wangu kama mshenga. Mama yule alihamia kwetu na kuku wake, mtungi na mashuka mawili ya mtumba yenye maua. Mume wangu aliporudi kutoka machimboni, mikono mitupu kama wengi wao, alisimama uani akisikia sauti asiyoifahamu ikimfokea baba yake kwa kutoka bila kofia kwenye jua. Aliniuliza kwa kunong'ona ni nani huyo. Nikamwambia aingie akamsalimie mama.