Mfuniko wa Sufuria na Shikamoo ya Bibi

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri nikueleze mchezo uliomfanya mama mkwe wangu amwamkie mjukuu wake, tena kwa heshima zote.

Binti yangu ana usonji. Mama mkwe alipotutembelea hapa Masumbwe mara ya kwanza, alingoja kuamkiwa mpaka akachoka, akarudi kwake Segese akisema mtoto hajafundishwa adabu. Iliniuma. Mtoto hakuwa na kiburi. Hakujua tu zamu yake inaanza lini. Nikaapa kwamba safari ijayo bibi ataamkiwa.

Ugumu wa zamu ni kwamba haionekani. Basi nikatafuta kitu cha kushika: mfuniko wa sufuria. Aliyeushika ndiye mkubwa. Mwenzake anasema shikamoo, mkubwa anajibu marahaba, kisha anampa mwenzake mfuniko. Binti yangu aliupenda kwa sababu unalia ukigongwa. Tulicheza na baba yake, na jirani, na fundi aliyekuja kuziba paa. Hata mbuzi aliwekewa mfuniko mgongoni akaamkiwa. Akaondoka nao, ikabidi tumfukuze kuuchukua.

Bibi akaja tena, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kabla hajakaa, mjukuu akamtia mfuniko mikononi.

"Shikamoo."

Bibi akaduwaa. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, sauti imelegea. Nikashusha pumzi.

Ila kwao chombo hakirudishwi kitupu. Bibi akapanga michembe juu ya mfuniko, akaurudisha kwa mikono miwili.

Sasa mtoto ndiye akawa mkubwa. Akatafuna kipande, akangoja. Bibi akaniuliza anataka nini tena. Nikamweleza polepole kwamba ni zamu yake kuamkia.

"Mimi? Nimwamkie huyu, niliyemzaa baba yake?"

Nikamwambia ni mchezo tu. Akachungulia mlangoni kama kuna jirani, kisha akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu binti yangu kwa sauti nzito kama mwenyekiti wa kijiji, akamtazama bibi yake usoni, akaangua kicheko. Bibi naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, akanyoosha mikono.

"Lete mfuniko, ni zamu yangu."

Ukitaka kujaribu nyumbani, keti chini karibu na mtoto, mpe mfuniko wa sufuria ashike, mwamkie, kisha ungoje bila kumharakisha.