Baiskeli Isiyo na Kelele

Sikufichi msomaji, ubishi wangu ndio ulioniponza, na hata sasa sijauacha. Mume wangu alitaka gari la familia. Mimi nilishikilia kwamba kwa watoto wawili, shule na soko hapa Singida mjini, baiskeli ya umeme inatosha. "Haina moshi, haina kelele," nilimwimbia kila siku.

Jumamosi akamwita baba yake kutoka Nduguti atuamulie. Akaazima gari la rafiki yake, akaliegesha uani likimeremeta. Nikasema leo ndiyo leo. Nikarudi kutoka sokoni na baiskeli yangu, watoto nyuma, kuku wawili kwenye kikapu, nikaingia kimyakimya kama malkia.

Watoto wakashuka, nami nikashuka mbele ya baba mkwe. Kwetu mkwe haamkiwi ukiwa umesimama, basi nikapiga goti huku mkono mmoja umeng'ang'ania kishikio cha kuongezea mwendo. Nilisahau kuzima. Kitu kisichonguruma utakumbukaje kukizima?

"Shikamoo, baba." Goti liliposhuka, mkono nao ukakizungusha kile kishikio. Baiskeli ikanichomoka, ikaenda kujikita kwenye mlango wa gari la watu. Waliopiga kelele ni kuku tu.

Baba mkwe akautazama mlango uliobonyea, kisha akanitazama mimi pale chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kweli haina kelele."