Siku Niliyokuwa Mkubwa wa Boma

Siku ya kwanza kazini, shaushi, yaani sajini wa askari weusi wa Mdachi, alinifundisha ukalimani wote kwa maneno machache: "Hapa hakuna 'bwana anasema'. Akisema mimi, nawe sema mimi." Nilikuwa nimesoma misheni ng'ambo ya mto Songwe, nikarudi na Kiingereza na hamu ya ndizi za mama. Boma la ziwani nililichagua kwa sifa moja tu: halikuwa mbali na kwetu Ipyana.

Vita vilipokuja nikapewa kuwatafsiria mateka wa upande wa Waingereza. Walifungwa mnyororo shingoni, wakavuta magogo juani kwa mlo mmoja. Bwana luteni, Mdachi mkuu wa boma, akiamuru hamsa ishirini, ndiyo viboko ishirini na tano, mimi ndiye niliyetangaza, "Nitakuchapa." Kwa wembamba wangu ule, hata waliofungwa walinionea huruma.

Mwisho luteni akakimbilia milimani na askari wazima, akamwachia shaushi boma na wagonjwa. Waingereza walipofika shaushi aliinua shuka jeupe. Afisa wao akauliza mkubwa ni nani. Shaushi akajibu kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa ufundi wangu wote: "Mimi ndiye mkubwa hapa. Nimesalimu amri."

Nikafungwa papo hapo. Afisa alitaka kujua bunduki zimefichwa wapi. Nilipojitetea kwamba mimi mkalimani tu, alicheka, akaamuru nilazwe kifudifudi. Kiboko kilichonishukia kilikuwa ndugu wa kile cha Mdachi.

Shaushi akatoka mstarini. "Mwacheni mtoto wa watu. Mkubwa ni mimi."

Afisa akaningoja nitafsiri. "Anasema mkubwa ni yeye," nikasema, mdomo umejaa mchanga.

Wakanifungua, wakamlaza yeye. Nilimwambia, "Ndaga." Afisa akanitaka nimuulize habari za bunduki, akaahidi kuniajiri. Nikamjibu kwa Kiingereza safi kabisa kwamba sijui Kiswahili.

Nilifukuzwa kwa teke, na huko ndiko kustaafu kwangu. Ninyi mnaosubiri hafla na saa ya ukutani, mtaniwia radhi. Ukalimani nauheshimu mpaka leo: ni kazi ya kumpa mwingine mdomo wako, ila lazima ujue wa kumnyima.

Shaushi walipita naye Ipyana akiwa katika mnyororo, gunia la mchele kichwani. Aliponiona akapunguza mwendo.

"Mkalimani, ndaga ni nini?"

"Ni asante. Na ni pole."

"Basi nimepokea zote mbili," akasema, mnyororo ukamvuta.