Mgeni Kipofu wa Bi Tomino

Tarehe tano Desemba Yoshinari aliingia rasi ya Noto, Japani, na gari tupu, tayari kumhamishia mama yake mjini Kanazawa. Kijijini zilibaki nyumba kumi na moja zenye moshi. Mama huyo, Bi Tomino, mwenye miaka themanini na mbili, alizihesabu kila asubuhi kama mfugaji anayehofia fisi.

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Siendi. Nina mgeni."

"Mgeni gani tena?"

"Leo tarehe ngapi? Ndiyo maana mjini mnapotea."

Mgeni alikuwa mungu wa mpunga, ambaye siku hiyo hutoka shambani kuja kupumzika nyumbani mpaka Februari. Ncha za mpunga zilimchoma macho zamani, kwa hiyo hushikwa mkono na kuelezwa kila kitu. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe. Miaka mitatu sasa Bi Tomino aliifanya mwenyewe, na mungu hakulalamika.

"Tutampakia garini, twende naye."

"Kipofu? Ghorofa ya tisa? Akijikwaa kwenye lifti, mpunga utauotesha wewe?"

Yoshinari, mhandisi, akarudi kufunga milango ya gari.

Jioni Bi Tomino alishika jembe kwenda kumpokea mgeni, akafika mlangoni, goti likagoma. Alikaa kizingitini akitazama shamba. Mwanawe akaingia ndani, akatoka na vazi la baba yake, lililomwishia juu ya vifundo.

"Unafanana na kuku aliyenyonyolewa," mama akasema, akageuza uso.

Shambani Yoshinari akapiga jembe mara moja kumwita mungu, akanyoosha mkono hewani. "Karibu, Bwana. Shika hapa. Kuna tuta kushoto, panateleza." Akapunguza mwendo. Nyumbani akapima joto la maji ya kumwogeshea kwa kiwiko. Kisha chakula: "HUYU NI SAMAKI! HII NI FIGILI YA MIGUU MIWILI!"

"Usimpigie kelele!" mama akafoka toka jikoni. "Haoni, lakini anasikia."

Akashusha sauti. "Baba hayupo, Bwana. Mkono huu ni wangu. Utapumzika hapa, mama atakutazama. Februari nitakuja kukurudisha shambani."

Jikoni mama akaweka mwiko chini. Kipofu akishaahidiwa, hadanganywi. Hilo hata Kanazawa wanalijua.

Kesho yake gari lilipakiwa figili sita tu; mama alibaki kizingitini.

"Na mwakani, mama, utahama?"

"Mwakani nitamuuliza mgeni."